Acheni kummulika mtu usoni kwa sababu tu ni mweusi

Juzi nimeisikia tena. Kijana mmoja katika kundi letu la wapenzi wa picha alituonesha picha ya mama yake amesimama mbele ya ukuta mweupe wa nyumba, mchana kweupe, uso giza tupu. Hata hajamaliza kueleza, wenzake wakamkatiza: "Ungewasha flashi. Ngozi nyeusi inataka flashi."

Jibu hili nimelikuta kwenye harusi, kwenye mahafali na kwenye matembezi ya kupiga picha Kariakoo, na kila mara hutolewa kwa uhakika uleule. Safari hii naliandikia, maana linaharibu nyuso za watu tunaowapenda.

Tuanze na mita. Mita ya kamera haijui uso ni upi wala ukuta ni upi. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kisha inachukulia kwamba wastani wa vyote inavyoviona ni kijivu cha kati, yaani kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. (Kamera nyingi zimepangwa karibu zaidi na 12 au 13. Tusigombane hapo.) Ukuta wenye rangi nyeupe safi unaweza kurudisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga unaoupokea. Ukijaa kwenye fremu, mita inasema "mwanga umezidi" na kushusha eksposha (kiasi cha mwanga ambao kamera inauchukua) kwa stopu mbili hivi mpaka ukuta uwe wa kijivu; kila stopu moja ni nusu ya mwanga ukishuka, mara mbili ukipanda. Ikishusha ukuta, imemshusha na mama. Amebaki na robo ya mwanga aliostahili.

Sasa mchukue mama huyohuyo, saa ileile, umsimamishe mbele ya mlango wa mbao nyeusi akiwa na gauni la rangi ya kahawia iliyokolea. Mita itafanya kinyume: itapandisha, na uso utatoka umepauka. Ngozi haikubadilika, jua halikubadilika. Kilichobadilika ni kile kilichoizunguka sura yake, na hapo ndipo pa kushughulikia.

Dawa ya picha ya yule kijana ilikuwa kitufe cha kujumlisha na kutoa, kile cha kupandisha na kushusha eksposha kwa stopu. Plasi moja, ukiona haitoshi plasi moja na theluthi mbili, basi. Kwenye simu, gusa uso, shikilia mpaka ujifunge, halafu buruta kile kijua kwa kidole. Au mwombe mama asogee mbali na ukuta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba flashi yenyewe ikiwa kwenye otomatiki hupima kwa mtindo uleule wa kijivu. Inatoa mwako mdogo wa majaribio, inasoma kilichorudi, kisha inapanga nguvu. Mbele ya ukuta mweupe itajipunguza kwa sababu ileile iliyoifanya kamera ishushe eksposha. Kwa hiyo mtu anawasha flashi, uso unabaki mweusi, anahitimisha kuwa ngozi hii "inameza mwanga", anapandisha nguvu ya flashi mpaka mwisho, na sasa ana paji la uso linalong'aa kama bati na macho yaliyoshtuka. Kosa la kwanza halikusahihishwa. Limepigiwa lingine juu yake.

Na hapa niombe subira, maana sehemu hii watu huiruka. Ngozi nyeupe huonesha umbo lake hasa kwa tofauti ya mwanga na kivuli. Ngozi nyeusi huonesha umbo zaidi kwa mng'ao, yaani jinsi chanzo cha mwanga kinavyojiakisi juu ya shavu, daraja la pua, taya na bega. Ukishalielewa hilo, swali la "mwanga kiasi gani" linashuka daraja, na swali kubwa linakuwa chanzo kina ukubwa gani na kiko upande gani. Dirisha pana likiwa ubavuni huweka mng'ao mpana, mtulivu, unaofuata shavu mpaka kidevuni. Flashi ndogo iliyo juu ya lenzi huweka kidoa kimoja cheupe kwenye paji na kingine kwenye ncha ya pua, na kwa kuwa inatoka upande ule ule inakotazama lenzi, inafuta kila kivuli kilichokuwa kinauchora uso. Halafu tunamwambia mtu ajipake poda. Kabla ya poda, mgeuze kidogo kuelekea dirishani, tazama shavu, acha mng'ao ukae, ndipo upige.

Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni. Miaka mingi Kodak, kampuni ya filamu ya Marekani, iligawa kwa maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Filamu za rangi za enzi hizo zilibana sana maeneo ya giza, yaani rangi zilizokolea zilitoka kama giza moja. Msukumo mkubwa wa kuziboresha kwenye rangi za kahawia ulitoka kwa watengeneza chokoleti na samani waliokuwa wakilalamikia matangazo yao. Huko Afrika Kusini, kamera ya vitambulisho ya kampuni ya Polaroid, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na mfumo huo ulitumika kwenye pasi za ubaguzi wa rangi, vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuipinga biashara hiyo mwaka 1970, na mwaka 1977 kampuni ikajiondoa Afrika Kusini. Kumrushia mtu mweusi flashi usoni kuna ukoo, na ukoo wenyewe si wa kujivunia. Zaidi ya hapo, vihisi vya leo, yaani vile vipokea mwanga vilivyochukua nafasi ya filamu ndani ya kamera, haviko tena kwenye kifungo cha filamu zile.

Tena hata wakati ule walikuwepo walioweza bila flashi. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948 na picha zake nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana, akitandika nyuma ya watu vitambaa vyenye maua na marembo. Cha mwanzo kilikuwa shuka la kitandani mwake. Zitazameni nyuso zile. Hakuna aliyezama gizani, na nyuma yao hakuna ukuta mweupe unaoidanganya eksposha.

Kuhusu jua letu, haraka haraka. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba, na hata miezi mingine saa sita mchana halifai kwa sura: macho yanageuka mashimo. Ingieni barazani, mhusika atazame nje. Saruji au mchanga mweupe wa uani utamrudishia mwanga chini ya kidevu bila malipo. Chini ya mwembe angalieni ukijani kwenye ngozi. Na ile "saa ya dhahabu" mnayoisoma kwa wapiga picha wa Ulaya, huku kwetu jua linazama karibu wima. Mna dakika 25 hivi za mwanga mzuri kweli, kwa hiyo fikeni mmeshapanga.

Kuna mahali nami sina uhakika, na vitabu hupapita kimyakimya. Ukipima kwa doa, yaani mita ikisoma sehemu ndogo tu ya fremu, juu ya uso mweusi sana, mita itauvuta mpaka kijivu cha kati, yaani utamweupisha mtu. Kanuni ya zamani huiweka ngozi nyeusi palepale kwenye kijivu cha kati, ngozi ya mzungu stopu moja juu yake. Ngozi nyeusi ipi? Katika familia moja kuna maji ya kunde, kuna mweusi wa kung'aa, kuna mweupe. Mimi kwa mweusi sana hupunguza theluthi mbili ya stopu, kwa maji ya kunde naacha kama ilivyo, na bado nikiitazama picha kwenye simu tatu inakuwa na watu watatu. Vilevile, mteja akisema "nitoe niwe na nuru", sijapata mstari ninaoweza kuuapia kati ya kumpa nuru na kumpausha. Huwa namuuliza, nampigia ya kwanza kama ninavyomuona, na tunazungumza tukiitazama pamoja.

Mwisho, kanzu, maana najua swali linakuja. Kanzu nyeupe na uso mweusi vinatofautiana kwa stopu tatu au nne, na kihisi cha kamera ya kawaida ya leo kinabeba zaidi ya kumi. Piga faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaibana wala kuichakata. Pandisha eksposha mpaka histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, giza kushoto, weupe kulia) iguse ukingo wa kulia bila kupanda ukutani, ili kanzu isiungue na nyuzi zake zibaki. Ukiediti, inua vivuli kidogo tu, uso utakuja na rangi yake. Kama unatumia JPEG pekee, yaani picha ambayo kamera imeshaichakata yenyewe, punguza kontrasti (tofauti ya giza na weupe) ndani ya kamera kabla hujaanza, na msogeze bwana harusi kivulini, yeye na kanzu yake.