Monroe hakuwatetea majirani

Kila nikisahihisha insha za historia ya Marekani nakutana na sentensi hii: "Mwaka 1823 Rais Monroe aliamua kuzilinda nchi changa za Amerika ya Kusini zisitawaliwe tena." Muhula huu nimeikuta mara nyingi hadi nimeacha kuandika maoni pembeni, nachora mstari tu.

Angezilinda kwa lipi? Manowari zake zilikuwa za kuhesabika, na bahari ilikuwa ya Waingereza. Tena Waingereza ndio walioanza: waziri wao, George Canning, alipendekeza tamko la pamoja, lenye ahadi kwamba si wao wala Marekani watakaojitwalia makoloni ya zamani ya Hispania. Hapo ndipo John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa Monroe, alipogoma. Aprili ya mwaka huo huo alikuwa ameshaandika kuwa Cuba ni kama tofaa: tufani ikilikata mtini, halina pa kuangukia ila mikononi mwa Marekani. Mwenye jicho kwenye tunda hatii sahihi ya kutolichuma. Na uchaguzi wa 1824 ulishabisha hodi, Adams akiutaka urais. Kuonekana anaburutwa na London kungemponza.

Basi Monroe akatamka peke yake kwamba Ulaya isizitawale tena nchi za Amerika. 1824 Colombia ikayachukulia maneno yale kuwa ya kweli, ikaomba muungano na Marekani. Ikakataliwa. Na Haiti, iliyojitangazia uhuru 1804? Marekani haikuitambua hadi 1862, wabunge wa majimbo ya Kusini yenye watumwa walipokuwa wameshajitoa. Ushauri wangu hauchuji: ukisoma tamko lolote, tafuta kwanza aliyeachwa nje.

Makosa mengine ya insha hizo nayapitia haraka. "Louisiana ilinunuliwa kwa urafiki na Ufaransa." Wapi! Rais Jefferson alikuwa akiitafuta New Orleans, bandari yalikopitia mazao ya wakulima wa bonde la Mississippi. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, jeshi lake likiwa limeteketea Haiti kwa vita na homa ya manjano, akauza eneo zima 1803 kwa dola milioni 15.

"Rais Washington aliwausia Wamarekani wajitenge na dunia." Alionya dhidi ya miungano ya kudumu, biashara aliihimiza. Na hawakujitenga: 1833 mjumbe wao, Edmund Roberts, alitia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said, ushuru asilimia 5, wakati wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walishaizoea Zanzibar, wakibeba pembe za ndovu na sandarusi. Muulize fundi cherehani mzee kwa nini kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi huitwa merikani.