Uzito wa gitaa si ubora wake

Katika duka la ala za muziki Kisumu, mteja huinua gitaa la umeme la bei nafuu, akalipima mkononi kama anayenunua ngege, kisha akatamka: "Hili zito, ni imara." Hapana. Uzito hutokana zaidi na aina ya mbao na unene wa kiwiliwili. Kuna magitaa ya bei kali yaliyo mepesi.

Tazama shingo. Fumba jicho moja, ufuate ukingo wake toka kichwani hadi kwenye daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya kiwiliwili, kama fundi seremala anavyokagua ubao. Ikiwa imepinda kidogo kama upinde, kwa kawaida chuma kilichofichwa ndani huinyoosha. Ikiwa imejisokota, lirudishe. Telezesha kiganja pembeni: ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zikikukwaruza, mbao imesinyaa au kiwandani hawakupiga tupa vizuri. Hilo fundi hulimaliza.

Jaribio ninalolipenda mimi: gusa uzi juu ya freti ya 12 kuanzia kichwani bila kukandamiza, uupige, kisha kandamiza papo hapo upige tena. Sauti zilingane. Zikipishana, usikimbie, tandiko la uzi, kile kipande kidogo unachokalia uzi kwenye daraja, husogezwa kwa bisibisi. Afadhali hilo kuliko vigingi vya kukazia nyuzi vinavyoteleza katikati ya benga.