Taa ya madabodi ikiwaka haimaanishi pawasaplai ni nzima

Umeunga kompyuta mwenyewe, unabonyeza kitufe, kimya. Ndani unaona kitaa kinawaka kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), unakata shauri: umeme unafika, kwa hiyo madabodi ndiyo imekufa. Hesabu hiyo imewanunulisha wengi madabodi wasiyoihitaji.

Kitaa hicho hulishwa na njia ya akiba ya volti 5, ambayo huwa hai muda wote pawasaplai (kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) ikiwa imechomekwa na swichi yake ya nyuma imewashwa. Njia kuu za volti 12, 5 na 3.3 hulala mpaka madabodi iunganishe waya wa kijani wa plagi ya pini 24 na ardhi (graundi, njia ya umeme kurudi). (Siku hizi nyaya nyingi ni nyeusi tupu, hesabu pini ya 16.) Ya akiba inaweza kuwa nzima, zile kuu zimekufa.

Anza na kitufe. Chomoa waya wake, gusisha pini mbili za PWR_SW (pini za kitufe hicho kwenye madabodi) kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka, kitufe ni kibovu au waya ulichomekwa pini za jirani. Maandishi ya pini hizo ni madogo mno. Isipowaka, azima pawasaplai nyingine kabla ya kwenda dukani.