Kabla hujatuma hela ya kisima, fungua kwanza hesabu zao

Mdogo wangu anaishi Minnesota, juzi kanitumia linki WhatsApp, dada hawa wanachimba visima huko kwetu na wanasema asilimia 100 ya mchango inaenda kwenye maji, nichangie au niache? Mi kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwenye taasisi yetu nimepitia miradi ya maji vijijini miaka mingi kidogo, kwa hiyo jibu nililompa nalimwaga na hapa maana najua hayuko peke yake.

Tuanze na hiyo asilimia 100. Walioifanya ijulikane ni charity: water ya New York (sio hao wa mdogo wangu), Scott Harrison aliianzisha 2006 kwa pati ya birthday yake klabu, hela ya kwanza kama dola 15,000 ikaenda kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Wao wana akaunti mbili benki, moja ya michango ya watu wa kawaida, yote inaenda kwenye miradi, ya pili ni ya matajiri waliokubali kulipa mishahara, pango na safari, na hata makato ya kadi yako wanayafidia. Sio uongo, na binafsi naona ni ubunifu mzuri tu. Ila ofisi haijawa ya bure hapo, kuna mtu mwingine kailipia, na ukitaka kujua shirika zima linatumia vipi itabidi uzijumlishe akaunti zote mbili.

Pa kuzijumlishia papo. Mashirika ya aina hii Marekani yakishafika ukubwa fulani yanajaza fomu 990 kila mwaka na kuipeleka kwa IRS, mamlaka ya kodi ya kule, na yeyote anaruhusiwa kuisoma bure. Nenda moja kwa moja sehemu ya tisa, pale matumizi yamegawanywa safu tatu, kazi yenyewe, uendeshaji wa ofisi, na kutafuta michango. Mishahara ya wakubwa iko sehemu ya saba. Kwa Uingereza ingia daftari la Charity Commission, wasimamizi wa mashirika ya hisani. Tanzania sheria ya NGO ya 2002 inayataka mashirika yatoe ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, ukiomba wakaanza kukuzungusha na hilo nalo ni jibu, na Kenya sasa hivi ni sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya 2013 ambayo ilikaa kabatini mpaka Mei 2024 ndio ikaanza kutumika.

Kwenye zile safu tatu kuna mchezo. Shirika likituma barua ya kuomba hela, ndani yake likaweka aya mbili za kunawa mikono kwa sabuni, sheria za uhasibu za kule zikitimizwa sehemu ya gharama ya ile barua inaruhusiwa kuandikwa chini ya kazi yenyewe kwa jina la elimu kwa umma (ndio, kama hii unayosoma, ila mi sikuombi hela). Halali kabisa, lakini asilimia inapendeza na kisima hakijaongezeka hata kimoja. Ndio maana shirika likijisifia asilimia 92 na jingine 81 mi sikimbilii kumtangaza mshindi.

Na hati safi isikulaze usingizi. Hati safi maana yake mkaguzi karidhika kwamba vitabu vinaonyesha hali halisi ya fedha, yaani hela waliyosema wametumia kuchimba kisima, kwa kadiri alivyopima, ilitumika hivyo na risiti zipo. Kama kile kisima leo kinatoa maji, hilo hakuulizwa.

Halafu angalia idadi ya watu waliohudumiwa. Sera yetu ya maji ya 2002 ilisema kituo kimoja cha kuchotea ni cha watu 250, ndani ya mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Sasa ukikuta ripoti inasema vituo 40, watu 10,000 kamili, ujue hakuna aliyehesabu watu, mtu kakaa ofisini kapiga mara.

Kuna kijiji kimoja Singida nilikwenda na ripoti mkononi, mradi umeandikwa umekamilika, kibao cha mfadhili kimepakwa rangi vizuri. Pampu ni Afridev, ambayo imebuniwa makusudi wanakijiji waweze kuifungua wenyewe kwa spana moja. Mama mmoja akaanza kupampu nami nahesabu kimoyomoyo, 43, ndio maji yakatoka, tena kwa kukatikakatika, mpira wa pistoni umeisha. Kwanini hamubadilishi? Fundi aliyepewa mafunzo kahamia Dodoma anaendesha bodaboda, na spana kaondoka nayo. Nikarudi kwenye hesabu zao, mstari wa mafunzo kwa kamati ya maji upo na umenenepa, mstari wa kibao upo, wa spea na wa kurudi kukagua mwaka wa pili haupo kabisa. Na wale hawakuiba hata senti, hati safi walipata!

Hiyo sio ajali ya kijiji kimoja. Serikali ilipopima vituo vya maji vijijini nchi nzima, vikapatikana zaidi ya 65,000, karibu vinne katika kila kumi havikuwa vinafanya kazi. Na hela nyingi sio kinga, 2006 kule New York ilitangazwa dola milioni 16.4 kwa PlayPumps, zile bembea za watoto za kuzunguka zinazopandisha maji, lengo ni pampu 4,000 Afrika ifikapo 2010, moja karibu dola 14,000. Gazeti la Guardian la Uingereza likaja kupiga hesabu kwamba kuwatosheleza watu waliotajwa kwa kila pampu watoto wangetakiwa wacheze saa 27 kwa siku. Ila Kyuso, kaunti ya Kitui kule Kenya, walifunga vifaa kwenye mikono ya pampu vinavyotuma taarifa kwa simu na wakaweka mafundi wa kulipwa, muda wa pampu kukaa imekufa ukashuka kutoka kama siku 27 hadi chini ya siku 3. Sasa mshahara wa fundi kama yule na bando la kile kifaa mhasibu mwingine anaviandika uendeshaji, na wewe unayetaka asilimia ndogo ya uendeshaji ndio unamfukuzisha kazi.

Kwa hiyo mdogo wangu nilimwambia asiulize asilimia, aulize visima mlivyochimba miaka mitano iliyopita vingapi vinatoa maji leo, nani amekwenda kuangalia, na hela ya spea iko mstari gani. charity: water mwaka 2010 walichimba Jamhuri ya Afrika ya Kati wakakosa maji, wakaionyesha video ya kushindwa kwao, hao mi nawaamini zaidi kuliko mwenye ripoti ya miaka 10 isiyo na kisima kikavu hata kimoja.

Kawaandikia wale wa kwenye linki. Wamemjibu baada ya siku tisa, barua ndefu, shukrani nyingi, picha ya mtoto na glasi ya maji, na kwenye swali la spea wameandika kwamba jamii ndiyo inayomiliki mradi. Nimemwambia awarudie, awaulize hiyo jamii inanunulia wapi mpira.