Fonti za zamani kwenye kompyuta mpya: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kuna watu wanafuta folda nzima za fonti walizonunua kwa hela yao, kisa mtu kawaambia hizo za zamani kompyuta mpya haisomi. Inaniuma kweli, maana umri wa fonti sio shida, shida ni aina yake. TrueType, aina ya fonti yenye mafaili ya ttf, ilitoka 1991 kwenye Mac, mwaka uliofuata ikaingia Windows 3.1, na faili la ttf la enzi hizo kama ni zima ukiliweka leo kwenye Windows 11 linaingia na linaandika vizuri tu.

Iliyoachwa ni Type 1, aina ya fonti ya PostScript (lugha ya kompyuta ya kuchapisha kurasa) ambayo Adobe waliileta miaka ya 80. Office ya Windows iliikataa kuanzia toleo la 2013, LibreOffice ikafuata na 5.3 mwaka 2017, Photoshop mwaka 2021, na Januari 2023 Adobe wakamalizia programu zao zilizobaki. Sasa hapa ndo watu wanachanganyikiwa, wanadhani fonti ikishaingia kwenye folda ya fonti basi itaonekana kila mahali. Hapana. Windows inaweza kuipokea kabisa, unaiona pale na jina lake, halafu unafungua Word haipo, unafuta unaweka tena, unazima kompyuta unawasha, bado haipo. Hujakosea kitu, ni Word yenyewe haisomi aina hiyo tena. Na PDF zako za zamani zisikutie hofu, kama fonti ilifungwa humohumo ndani zinafunguka na kuprinti kama zamani, utakwama tu ukitaka kuhariri maandishi yake.

Wengine wanasema chukua pfb, faili kubwa, yale madogo ni takataka. Ndugu zangu msifanye hivyo. Type 1 ya Windows ni mafaili mawili: pfb ina maumbo ya herufi, pfm ina vipimo, pamoja na kiasi ambacho jozi fulani za herufi zinatakiwa kusogezwa karibu. Andika AVA kwa fonti iliyogeuzwa kuwa aina nyingine bila pfm yake uone, A na V zinaachana kama meno yenye mwanya mpana, na hapo mtu analaumu aliyechora fonti wakati vipimo alivitupa mwenyewe.

Halafu kuna hii ya kubadilisha jina, faili la pfb unaliita ttf basi limekuwa TrueType. Jina ni jina tu, ndani mikunjo ya herufi imechorwa kwa hesabu tofauti kabisa. Ukitaka kugeuza kweli tumia FontForge, programu ya kutengeneza fonti, ni ya bure, na ushauri wangu toa otf (faili la OpenType, aina mpya zaidi) badala ya ttf kwa sababu otf inabeba mikunjo ya Type 1 kama ilivyo, ttf inabidi ikadirie upya. Ila kabla ya hapo soma leseni, nyingi zinakataza kugeuza, waulize kwanza waliokuuzia, huenda wana toleo jipya la fonti hiyohiyo.

Iliyonigusa zaidi ni fonti za Mac za zamani. Nilifungua flashi yenye fonti kama 40, zote zinaonyesha 0 KB, nikajua zimekwisha. Kumbe faili la fonti la Mac ya zamani lilikuwa na pande mbili na fonti yote ilikaa upande ambao flashi ya FAT (mpangilio wa mafaili wa flashi nyingi) haiujui, kwa hiyo Mac inapokopi huko inatengeneza faili la pili lililofichwa, jina lilelile ila limeanzwa na nukta na mstari wa chini, na mzigo wote uko humo. Nikawasha kuonyesha mafaili yaliyofichwa, yakajitokeza yote na ukubwa wake. Nikayarudisha kwenye Mac pamoja na wenzake, fonti zikafufuka. Kwa hiyo yale mafaili ya nukta ambayo watu wanayafuta wakisafisha flashi, yaacheni!

Kingine kifupi. Kuanzia Windows 10 toleo 1809 ukiinstoli fonti kwa kawaida inaingia kwa akaunti yako tu, na baadhi ya programu za zamani haziioni, bonyeza faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague kuinstoli kwa watumiaji wote. Na sio kweli kwamba fonti haiwezi kuleta madhara: Machi 2020 Microsoft walitoa onyo kwamba wahalifu wanatumia fonti za Type 1 zilizotengenezwa makusudi kupenya Windows kupitia sehemu inayozisoma, ikazibwa Aprili. Chukua fonti unakojua zilikotoka.

La mwisho ni la wenye maandishi ya Kiarabu, Kiamhari na hati nyingine yaliyochapwa kabla Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi ya kila hati namba yake, haijaenea. Fonti nyingi za wakati ule ziliweka herufi zao juu ya nafasi za a, b, c. Ukifungua waraka bila fonti ile unaona herufi za Kilatini zisizo na maana na watu wanasema waraka umeharibika. Uko salama kabisa, ila fonti ile pekee ndo inajua kuusoma, kwa hiyo iweke, ihifadhi nakala mbili, na usiiguse hadi maandishi yote yawe yamehamishiwa Yunikodi na umeyakagua neno kwa neno.