Wayne Morse na Vita vya Vietnam: yanayosemwa na yaliyotokea

Mwaka 1964 Wayne Morse, seneta wa jimbo la Oregon, Marekani, alipigia kura ya hapana azimio lililompa Rais Johnson idhini ya kupigana Vietnam. Mengi husemwa juu yake.

"Alikuwa mwoga." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Morse, mwanasheria kutoka Oregon, alikaa kwenye bodi ya serikali iliyosuluhisha migogoro ya wafanyakazi ili viwanda vya silaha visisimame. Hakukataa kila vita. Alichokataa ni rais kuingiza nchi vitani kwa mlango wa nyuma, ilhali Katiba ya Marekani imelipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita.

"Mwaka 1964 nani angejua?" Tutulie hapa kidogo. Tarehe 2 Agosti meli ya kivita Maddox ilirushiana risasi na boti za Vietnam Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin. Siku mbili baadaye likadaiwa shambulio la pili, ambalo leo inajulikana halikutokea. Rais Johnson akaomba idhini ya kuchukua hatua zote alizoona ni za lazima. Baraza la Wawakilishi lilijadili kwa dakika 40, likapitisha kwa kura 416, aliyepinga hakuna. Morse alisimama kwenye Seneti akawakumbusha wenzake kwamba siku chache kabla ya hapo boti za Vietnam Kusini, mshirika wa Marekani, zilishambulia visiwa vya Kaskazini, na kwamba Marekani yenyewe ilikuwa mchokozi. Maneno hayo aliyasema Agosti ileile, kabla vijana zaidi ya 58,000 wa Marekani hawajafa, na Wavietnamu wengi kupita hao.

"Alipinga peke yake." Hapana, Ernest Gruening wa Alaska alikuwa naye. Kura za Seneti zilikuwa 88 kwa 2.

"Kura ile ndiyo iliyomng'oa." Si rahisi hivyo. Mwaka 1966 mgombea wa chama chake cha Democratic kwa kiti cha pili cha Seneti cha Oregon aliunga mkono vita. Morse akampigia debe mpinzani wa mgombea huyo kutoka chama cha Republican, Mark Hatfield, aliyevipinga. Wanachama wengi hawakumsamehe. Mwaka 1968 Morse alishindwa kutetea kiti chake kwa kura elfu tatu na ushei, kati ya zaidi ya laki nane.

"Basi hakuambulia kitu." Januari 1971 azimio lile lilifutwa. Morse hakuwa tena bungeni kuona hilo. Alifariki Julai 1974, akiwa na miaka 73, katikati ya kampeni ya kurudi kwenye Seneti.