Ankoli katika parseli ya Bukavu: dhana potofu na ukweli

"Bukavu kuna baridi, basi ankoli itachanua yenyewe."

Ankoli (kwa Kifaransa ancolie, kitaalamu Aquilegia) ni ua la bustani, na parseli ni kiwanja cha nyumbani. Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu ina sura ya ukweli. Mji uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Jioni watu wa mtaa wa Muhumba wanavaa sweta, na mtu aliyeletewa sashe ya mbegu na shangazi yake wa Ubelgiji anajiambia kwamba ua la baridi limefika penye baridi. Lakini ubaridi wetu ni ule ule mwaka mzima. Usiku huzunguka nyuzi 14 au 15, iwe Januari, iwe Julai. Ankoli asili yake ni sehemu za baridi za Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Jimbo la Colorado nchini Marekani limeifanya ua lake rasmi tangu 1899, na huko milimani theluji hukaa miezi. Mmea umezoea kuipitia hiyo miezi kwanza, ndipo uchanue. Mche ukishakomaa, aina nyingi hudai wiki 8 hadi 12 za baridi kali, chini ya nyuzi 10. Zisipoipata, zinatoa majani tu, na mwenye parseli anabaki kulaumu udongo, mara mbegu, mara jirani mwenye jicho baya.

Ajabu ni kwamba Lubumbashi, mji ambao sisi watu wa Kivu tunauhesabu kuwa wa joto, katika hili umetupita: mwezi wa sita na wa saba usiku wake hushuka chini ya nyuzi 10, ingawa mchana jua hurudisha joto. Kwetu, wanaoikaribia baridi ya namna hiyo ni wenye mashamba ya juu, Kabare na Walungu.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, soma sashe. Zipo aina zilizochaguliwa zichanue mwaka wa kwanza bila kudai baridi nyingi, na kwa kawaida sashe hulitaja hilo. Hizo ndizo za kujaribu mjini. Nyingine zipande kama unapenda majani yake, na mimi sioni aibu kuyapenda: yana rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, yamegawanyika tatu tatu, na mvua ikikatika matone yanasimama juu yake yakiwa mviringo, hayalowanishi jani.

"Mbegu hazikuota, niliuziwa mbegu mbovu."

Pengine. Ila mara nyingi tulizizika sisi wenyewe. Mkono uliozoea maharage hufukia kila kitu, na mbegu ya ankoli ni ndogo, nyeusi, inayong'aa, tena inataka mwanga ili iote. Imwage juu ya udongo laini uliolowa, ibonyeze kidogo kwa kidole, basi. Mwagilia kwa kunyunyiza, maana ukimimina kwa kopo utazikuta zote zimelundikana pembeni.

Kabla ya hapo, zipe baridi ya kuazima. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, zitie katika mfuko mdogo, uziweke kwenye frigo wiki 3 au 4, mbali na sehemu ya barafu. Umeme ukikatika saa chache si neno, mradi watoto wasifungue mlango kila dakika. Ukishazimwaga, subiri wiki 3 au 4 nyingine, hata zaidi. Wengi wanaimwaga bakuli wiki ya pili, wanapanda lengalenga mahali pake.

Baridi hiyo ya frigo, lakini, ni ya kuamsha mbegu tu. Haihesabiwi kwenye ile ambayo mche utadai baadaye.

"Mwaka huu napanda, mwaka huu naona maua."

Kwa aina za kawaida, hata Ulaya ni mwaka wa pili. Na mmea haudumu milele: miaka 3 hadi 5, kisha unachoka.

"Ua la kizungu linataka samadi nyingi na maji kila siku."

Samadi ikizidi, unapata majani manene na laini yanayolala chini. Maji yakituama, mzizi unaoza, na udongo mwekundu wa miteremko yetu hushika maji kupita kiasi katika miezi ya mvua, kati ya Septemba na Mei. Inua tuta, changanya mchanga na mboji iliyooza vizuri. Wa Goma wenye changarawe ya volkano wana bahati kwenye kupitisha maji, ila wao ndio wanaohitaji kuongeza mboji. Mahali pazuri ni panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, pembeni mwa mwavokado kwa mfano, si chini yake kabisa.

Na usiuhamishe ukiwa mkubwa. Mzizi wake mkuu huenda chini wima; ukiukata, mmea hauna wa akiba. Hamisha mche ukiwa na majani machache, pamoja na udongo wake.

"Mbegu nitakazovuna zitatoa rangi ile ile ya mama."

Labda kama una aina moja tu karibu. Ankoli za aina mbalimbali huchanganyikana kwa urahisi, nyuki akishapita, na watoto hutoka na rangi zao.

"Ni ua, haliwezi kudhuru."

Ulaya ya zamani walilitumia kama dawa, na hilo huwafanya watu wajasiri kupita kiasi. Mbegu na mizizi ina sumu, kwa hiyo usichemshe chai yake wala usimpe mtoto anayekohoa. Maganda yakikauka hupasuka juu na mbegu zinamwagika zenyewe, kwa hiyo yakate yanapoanza kuwa ya kahawia, uyatie kwenye bahasha ya karatasi yenye jina juu, na bahasha ikae mbali na jikoni.